Nusu kwa Nusu

Sista alimimina kapsuli zilizobaki kwenye kisahani cha chuma, akaanza kuzihesabu mbili mbili kwa ncha ya kalamu. Mama aliyeketi mbele yake, mkoba magotini, alihesabu naye kimoyomoyo. Zilipaswa kubaki sita. Zilibaki sita.

"Mama Mizani, kina mama wote wangekuwa kama wewe mimi ningekuwa narudi nyumbani mapema," Sista alisema huku akiandika. "Jana mwenzako kaniletea chupa ina kapsuli kumi na tisa. Namuuliza vipi, ananiambia mtoto alisahau. Siku kumi na tisa, mtoto alisahau!"

"Watu wengine hawako makini," alisema Mizani, na uso ukamwaka moto.

Mizani halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alipewa kazini, kwenye kantini ya kiwanda cha magodoro, alikopakua chakula cha mchana cha watu mia tatu kwa miaka tisa. Upawa wake haukumjua bosi wala mfagiaji. Aliyemkonyeza ili aongezewe kipande aliambulia kukodolewa macho, tena mbele ya foleni nzima. Wafanyakazi waliapa kwamba ukichukua sahani mbili alizopakua ukazipima, hutakuta punje ya kuzidiana. Jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake, na mtu asiseme kwamba hilo ni jambo dogo. Wengi wetu hatuna kazi ambayo mtu angetupa jina kwa ajili yake.

Kando yake alikaa bintiye mdogo, Kitinda, mwenye miaka tisa, akibembeza miguu isiyofika chini. Kitinda alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu unaokunja chembe nyekundu zikakwama kwenye mishipa na kuleta maumivu ya mifupa yasiyosimulika. Dada yake naye alizaliwa nao. Yule mkubwa nyumba nzima ilimwita Dada, hata baba yake mzazi. Ilipokuja dawa mpya ya kufanyiwa utafiti, wakatakiwa watoto wasiofika miaka kumi na miwili. Kitinda aliingia. Dada alikuwa ametimiza kumi na miwili siku kumi na moja kabla. Dukani dawa hiyo haikuwepo, si kwa wenye nacho wala kwa wasio nacho, kwa hiyo hapakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Daktari wa utafiti aliingia na karatasi ya majibu. Alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye tabia ya kuchuchumaa ili aongee na watoto uso kwa uso. Siku hiyo hakuchuchumaa.

"Mama, hesabu yako ni safi kama kawaida. Tatizo ni damu yake. Dawa hii ikiingia mwilini lazima iache alama. Chembe nyekundu zinakuwa kubwa kidogo, hazikunjiki ovyo. Kwa watoto wengine tunaiona alama hiyo wiki ya nane. Kitinda leo ana miezi minne kwenye dawa, na sioni kitu."

"Labda mwili wake ni mzito kupokea."

"Labda. Ndiyo maana naongeza kipimo. Kuanzia kesho atatumia kapsuli mbili badala ya moja."

Mizani alihisi furaha ikimpanda mpaka kooni, furaha ya kuonea aibu. Kapsuli mbili! Alishukuru kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, mpaka Sista akainua kichwa.

"Usinishukuru bado," alisema Daktari. "Baada ya miezi mitatu kukiwa hakuna mabadiliko, itabidi nimtoe. Nitaandika kwamba dawa haikumfaa. Hilo nalo ni jibu, na watoto wengine watapangiwa dawa kwa jibu hilo." Kisha akatabasamu. "Sasa nakuomba kitu kimoja. Kuna kina mama wapya hapo kwenye korido. Waelezee unavyofanya nyumbani. Wakisikia kwangu wanaona ni maneno ya kitabuni."

Basi Mizani akasimama mbele ya kina mama kumi na mbili wenye watoto mapajani, akawafundisha. Akawaambia wachague saa moja wasiibadilishe. Akawaambia ni bora kufungua kapsuli na kuchanganya unga wake kwenye uji kuliko kugombana na mtoto asiyeweza kumeza. Akawaambia dawa ya mtoto ni ya mtoto huyo peke yake. Alipofika hapo alimtupia jicho bintiye. Kitinda alikuwa ameinamisha kichwa, anakwangua rangi ya benchi kwa ukucha. Mama akadhani mtoto anamwonea aibu mama yake mwongo.

Alikosea, lakini hilo tutalifikia.

*

Mambo yalifanyika hivi. Kila siku alfajiri, kabla ya kwenda kiwandani, Mizani alitandika karatasi nyeupe mezani, akafungua kapsuli, akamwaga unga wake, akaukusanya kwa kisu cha siagi. Kisha akaugawa. Aliugawa polepole, akiinama usawa wa meza na jicho moja amelifumba, akisukuma chembe ya huku kwenda kule mpaka vilima viwili vilingane. Akafunga kila nusu kwenye kikaratasi, akaviweka chini ya vikombe viwili, akaenda kazini. Kitinda ndiye aliyeamka mapema kati ya wale wawili, ndiye aliyemimina uji kutoka kwenye chupa ya chai, akakorogea unga wa dawa na kumpelekea dada yake kitandani.

Mumewe alikuwa fundi wa kufuli, mtu wa kukaa nyuma ya meza ndogo karibu na posta na kuchonga funguo. Alipenda kusema kwamba hajaona kufuli ya kumshinda isipokuwa mdomo wa mama mkwe. Wazo la kugawa halikuwa lake, lakini alilipokea kwa mikono miwili.

"Ugonjwa wenyewe walipewa nusu kwangu, nusu kwako," alisema. "Daktari si alieleza? Kila mzazi katoa nusu. Basi na dawa iwe nusu kwa nusu."

Na kwa Dada dawa ilifanya kazi, tena ya kustaajabisha. Mwaka uliopita alilazwa mara sita. Mara ya mwisho alilia mpaka akauma mto ukatoboka. Tangu waanze kugawana, hata siku moja. Mashavu yalimjaa, manjano ikamtoka machoni, akaanza kuruka kamba na kudai sketi mpya kwa kuwa za zamani zimekuwa fupi. Kitinda yeye aliendelea vile vile, wiki nzuri wiki mbaya, na mama akajipa moyo kwamba miili haifanani.

Kapsuli zilipokuwa mbili, kisu cha siagi kilirudi kabatini. Moja kikaratasi hiki, moja kile. Mizani alitoka nyumbani asubuhi hizo akiwa mwepesi. Aliona kama Mungu mwenyewe ameuchukua upawa akaongeza.

"Mama, uji wangu siku hizi mchungu jamani," Dada alilalamika jioni moja. "Tena mchungu kwelikweli."

"Dawa imeongezwa. Kunywa tu, mwanangu. Uchungu huo ndio uzima wenyewe."

Kitinda alikuwa anafunga viatu vyake. Alivifunga, akavifungua, akavifunga tena.

*

Wiki ya tano, katikati ya foleni ya mchana, Mizani alimwona mumewe dirishani mwa kantini. Fundi hakuwahi kufika pale katika miaka tisa. Alikuwa bado amevaa aproni yenye vumbi la shaba.

"Dada anachemka," alisema. "Mdomo umemtoka vidonda, hawezi hata maji. Nimemfikisha wodini. Kitinda nimemwacha naye."

Mizani aliuweka upawa juu ya meza, akatoka bila kuvua kofia ya kazi. Nyuma yake watu walianza kupiga sahani zao kwa vijiko.

Daktari wa wodi alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni. Alikuwa amesimama mguuni pa kitanda, anasoma karatasi moja mara ya pili. Dada alilala amefumba macho, midomo imepasuka.

"Huyu mtoto anatumia dawa gani?" aliuliza.

"Za kawaida tu," Fundi alijibu haraka, kabla mkewe hajafungua mdomo. "Zile za kliniki."

"Hakuna nyingine? Za kununua, za mitishamba, za kuazima kwa jirani?"

"Hakuna, daktari."

Mzee aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine. "Nitawaambia wazi. Chembe nyeupe ndizo askari wa mwili. Za huyu zimekaribia kwisha. Homa ndogo inayompata mtu na kupita, yeye inaweza kumchukua. Na sijui kinachowaua askari hawa. Kama hakuna dawa, basi nahofia ugonjwa ndani ya uboho, na hiyo ni habari nyingine kabisa. Saa kumi leo tutamtoboa mfupa wa nyonga tuchukue uboho tuupime. Nikikuta ninachokiogopa, tutaanza tiba, na tiba yake ni kali."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na robo.

Walitoka kwenye korido, wakasimama kati ya mlango wa stoo na toroli ya mashuka machafu. Kitinda aliketi kwenye benchi mbali kidogo, mikono imebanwa kati ya magoti.

"Ni ile dawa," alisema Mizani.

"Hujui."

"Najua! Mdomo kutoka vidonda kumeandikwa kwenye karatasi tuliyotia saini. Kitinda anapimwa damu kila mwezi kwa sababu hiyo hiyo. Dada nani alimpima? Tumempa dawa kama mtu anayempa mwanawe pipi."

"Sawa, basi tuache kumpa. Kimya kimya. Damu itarudi yenyewe."

"Na saa kumi wamtoboe mfupa?"

"Kutobolewa si kufa, mama watoto." Fundi alishusha sauti, akamshika kiwiko. "Sikiliza. Ukisema, Kitinda anatolewa leo hii. Hakuna kesho. Na Dada anarudi kule alikotoka. Umesahau ule mto? Mimi sijasahau. Mimi ndiye niliyeutoa mdomoni mwake. Miezi mitano hii nimewaona watoto wangu wakiwa watoto, wewe unataka tuyachome moto hayo yote kwa ulimi?"

"Wakimpa hiyo tiba kali juu ya dawa ambayo hawaijui?"

Fundi alitoa rundo la funguo mfukoni, akazipitisha vidoleni moja moja kama alivyofanya siku zote akikabwa. Mhudumu akaja kuchukua toroli, akawaomba wasogee. Wakasogea wakabanana kwenye ukuta kama wanafunzi waliofukuzwa darasani, na mhudumu akapita akiimba.

"Nimeshamwambia hakuna," alisema Fundi hatimaye. "Tutaonekana wauaji."

"Wewe umemwambia. Mimi bado sijasema kitu."

Alimvuta Kitinda mkono, akashuka naye ngazi kwenda chumba cha utafiti.

*

Alimwacha mtoto kwenye benchi la nje, akaingia peke yake. Alisema akiwa amesimama, kwa haraka, bila kujitetea, kama mtu anayetapika. Kisu cha siagi, vikaratasi, vikombe. Kila siku nusu kwa nusu, kwa mkono wake mwenyewe, na baadaye moja kwa moja. Sista aliyekuwa akipanga chupa aliacha kupanga.

Daktari hakupoteza muda wa kukasirika. Alinyanyua simu ya mezani, akaongea na wodi. "Mfupa usiguswe. Ni dawa yangu. Ndiyo, yangu. Mtengeni peke yake, mwanzishieni dawa za kuua vijidudu sasa hivi, nakuja." Kisha akamwambia Mizani, "Tukimshika leo, atapona. Dawa ikikatwa, askari watarudi ndani ya siku kumi hivi. Umesema kwa wakati."

Mizani aliketi.

Lakini Daktari hakuondoka. Alichukua faili la Kitinda, akalifungua, akalifunga, akalifungua tena.

"Nusu, umesema."

"Nusu kamili. Mimi sikosei kugawa."

"Mama, nusu ingeonekana. Kidogo, lakini ingeonekana. Na hizi wiki tano amepata kapsuli nzima kila siku. Juzi nimempima." Aligeuza karatasi ili Mizani aone, ingawa alijua haisomeki kwake. "Hapa hakuna nusu. Hapa hakuna dawa kabisa. Na wodini wameniambia ukubwa wa chembe nyekundu za Dada. Katika utafiti wangu wote sina mtoto mwenye chembe nzuri namna hiyo. Hiyo si kazi ya nusu."

"Nimepima mwenyewe! Nilikuwa nainama mezani, nafumba jicho..."

"Sibishani na mkono wako. Nani anawapa uji?"

Mizani aligeuka kuutazama mlango. Mlango ulikuwa wazi nusu, na katika uwazi huo alisimama Kitinda.

"Njoo, mwanangu," Daktari alisema, na safari hii akachuchumaa. "Hakuna atakayekupiga. Kile kikaratasi chako ulikuwa unakipeleka wapi?"

"Kwenye uji wa Dada."

"Mara ngapi?"

"Kila siku."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Alipouma mto." Mtoto alikuwa akiongea na vifungo vya koti la Daktari. "Mimi nikiumwa naweza kunyamaza. Yeye hawezi."

"Kitinda!" Mizani alipiga kelele ambayo hakuikusudia. "Mimi nilikupimia! Kila siku nilikupimia sawa na mwenzio, sikukupunja hata chembe!"

"Ndiyo, mama," alisema Kitinda. "Wewe unagawa sawa. Lakini sisi hatuumwi sawa."

Mwanamke aliyewanyamazisha mameneja kwa upawa alijifunika uso kwa kofia yake ya kazi, akalia, na mtoto akamwendea akamwegemea begani kwa tahadhari, kwa kuwa siku hiyo bega lake mwenyewe lilikuwa linamuuma na alikuwa hajamwambia mtu.

*

Fomu ya kumtoa mtoto kwenye utafiti ilikuwa na kurasa mbili. Daktari aliijaza mwenyewe.

"Mwingize Dada badala yake," alisema Mizani. "Dawa imemkubali, umeona kwa macho yako. Kitinda atabaki na mimi, nitamwangalia, nitalala naye. Mwingize Dada."

"Umri umepita."

"Kwa siku kumi na moja!"

"Najua ni siku ngapi. Nilizihesabu mimi siku ile." Daktari aliweka kalamu chini. "Nitaandika barua kwa kamati. Kamati hukaa mara moja kwa miezi mitatu, na barua za namna hii sijawahi kuona zikijibiwa ndiyo. Nikikudanganya leo utanichukia kesho."

"Basi kwenye taarifa yako andika kwamba imemponya mtu mmoja."

"Siwezi. Dada hayumo. Hakusajiliwa, hakupimwa, kipimo chake kilikuwa kikubwa mpaka kikataka kumuua. Na Kitinda yumo, ila hajaonja dawa. Aliyepona siwezi kumwandika, na ninayemwandika sina cha kuandika." Aliinama tena kwenye fomu, akaandika mstari mmoja, na Mizani akamwomba amsomee. Uliandikwa hivi: mshiriki hakutumia dawa.

Sista alipokea chupa ya mwisho iliyorudishwa kutoka nyumbani. Sheria ni sheria, hata kwa mtu anayefukuzwa. Akamimina kapsuli kwenye kisahani cha chuma, akahesabu mbili mbili kwa ncha ya kalamu.

"Hesabu iko sawa," alisema, kisha akatazama pembeni.

*

Dada alitoka wodini siku ya kumi na mbili, amekonda lakini anacheka. Wazazi wake walikuwa wamekubaliana wasimwambie kitu mpaka apate nguvu. Fundi alifunga meza yake mapema akamnunulia ile sketi. Mizani alipangiwa zamu ya mchana kwa wiki moja, kwa hiyo kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu familia nzima ilikaa mezani asubuhi. Kisu cha siagi kilikuwa kimepakwa siagi, kama visu vingine vya siagi duniani.

Kitinda ndiye aliyemimina uji. Alijaza vikombe viwili, akavitazama kwa pamoja, akampa dada yake kile kilichojaa zaidi.

Dada alipuliza, akaonja, akaonja tena. Akatabasamu kwa midomo iliyokuwa bado haijapona vizuri.

"Jamani," alisema, "leo uji mtamu."

Fundi alichukua funguo zake mezani. Mizani aliinuka kwenda kuosha sufuria ambayo bado ilikuwa na uji. Kitinda alibaki ameketi pale pale, akimwangalia dada yake anavyokunywa, mpaka kikombe kikaisha.